Kisu cha Kufungua kwa Mkono Mmoja

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi. Upande mmoja ulikuwa umeinama, kwa hiyo aliyekaa mwisho alilazimika kukaza mguu, la sivyo wenzake wote walimteremkia. Mama Birika alikuwa na jiko lake la mkaa pembeni, na vikombe vyake visivyo na vishikio, na sheria yake moja tu: atakayepiga kelele kuliko wote ndiye atakayelipia kahawa ya wote. Sheria hiyo haikuwahi kutekelezwa, maana hakuna aliyewahi kukubali kwamba ni yeye. Jioni ile walikuwepo wanne. Wembe, mwenye kibanda, kinyozi ambaye mabishano yakinoga alikuwa radhi kumwacha mteja na nusu kichwa. Kamanda, mlinzi wa ghala la saruji, ambaye jeshini hakuwahi kufika hata getini. Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakagoma. Na mwisho wa benchi, pale pa kukaza mguu, alikaa Sindano, fundi wa makochi, ambaye karakana yake ilikuwa mlango wa tatu kutoka hapo na ilikuwa na kufuli tangu siku alipoanguka.

Sindano ndiye aliyeanza, na alianza kwa kujifanya hana haja sana.

— Hivi mtu akitaka kisu cha kukunja, cha kuweka mfukoni kila siku, achukue kipi?

Aliuliza huku anakitazama kikombe chake. Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na ndimo ulimokaa kila alipokuja kijiweni tangu ajali. Siku hiyo ya ajali alikuwa anateremsha kochi la watu watatu kwenye ngazi za nyumba ya mteja, akakosa kidato, kochi likamfuata. Wenzake aliwaambia ameteguka bega. Linapona, alisema, mdogo mdogo. Hospitali walikuwa wamemwambia maneno mengine kabisa: mishipa ya fahamu imechanika, mkono utabaki pale ulipo, lakini kazi haufanyi tena.

Waliojua ni mkewe na watu wa nyumbani tu. Kila wakila, mkewe alikata nyama ya sahani ya mumewe kwanza, kisha akaanza kula yake, bila neno. Sindano angependa aseme kitu, hata amtanie. Ule ukimya ulimkaba kuliko bega. Na sasa shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa ametaka kuichukua cherehani yake kubwa ya karakanani, ya kushonea ngozi na turubai, kwa nia njema kabisa, ili isikae inashika kutu bure. Alikuwa anangoja jibu.

Kazi ya makochi huanza na kukata. Unakata nyuzi za zamani, unakata kamba, sponji, kitambaa, ncha za uzi. Kisu kinaingia mfukoni na kutoka kutwa nzima. Kwa hiyo Sindano alikuwa amewekeana ahadi na nafsi yake, ahadi ambayo hata yeye aliiona ya kitoto: akipata kisu anachoweza kukitoa, kukifungua na kukifunga peke yake, cherehani haitoki. Asipopata, shemeji aje na mkokoteni.

Alikuwa ameshakwenda mara kadhaa kwenye duka la vifaa lililo ng'ambo ya barabara. Kila mara mwenye duka, mtu mwema, alikitoa kisu kwenye kabati la kioo akakifungua mwenyewe kwa mikono yake miwili: "Unaona? Kitamu!" Sindano alishukuru akaondoka. Hakuthubutu kusema, nipe nijaribu.

— Kisu ni sauti, alisema Kamanda.

— Sauti? aliuliza Breki.

— Sauti, bwana. Kisu kikifunguka, adui akisikie. Kraaak! Hapo umeshamaliza kazi, hata hujamgusa mtu.

— Adui gani? Wewe unalinda mifuko ya saruji.

— Saruji ina maadui! Nyinyi mnalala, hamjui. Kuna mbwa mmoja alinijia usiku, mkubwa, tuseme ndama. Nikatoa kisu. Kraaak. Akasimama. Nikakifunga, nikakifungua tena. Kraaak. Akageuka. Mpaka leo akiniona anavuka barabara.

— Anavuka kwa sababu huogi, alisema Wembe kutoka mlangoni, mashine ya kunyolea ikiwa inanguruma mkononi. Msikilize mtu wa chuma, kaka Sindano. Mpini ni nguo tu. Kisu ni chuma chake.

— Sawa, chuma, alisema Sindano. Lakini kufungua kwake je?

— Subiri, usinikatize. Chuma kina kumbukumbu. Kitu cha kwanza utakachokata na kisu kipya, ndicho kitakachokaa ndani yake. Ukianza na kitunguu, umekiharibu. Mimi changu nilianza nacho kwa karatasi nyeupe, safi. Na usiku nakilaza wazi, kipumue.

— Kipumue?

— Kipumue, ndiyo! Kisu kinachofungwa siku nzima kinakasirika. Mwaka jana shemeji yangu alikiazima akakatia waya. Kiliporudi kikagoma. Nanoa, hakishiki. Nanoa, hakishiki. Ikabidi nikiombe radhi.

— Kwa maneno? aliuliza Mama Birika.

— Kwa maneno na mafuta.

Kutoka ndani ya kibanda sauti ya mteja ilisikika:

— Wembe! Na huu upande wa pili?

— Nakuja, tulia, hakuna anayekuona.

Breki alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali na kutoa dude nene kama kipande cha sabuni. Akaanza kulifungua kwa kucha, kipande baada ya kipande, mpaka likawa linatoa miguu pande zote.

— Haya. Nyie mnazungumzia kisu. Hiki ni kiwanda. Kisu kikubwa, kisu kidogo, msumeno, mkasi, bisibisi, tupa. Nimeshafungua injini nzima ya lori kwa hiki, mlimani, mvua inapiga, nyuma yangu foleni ya magari.

— Na ukaifunga? aliuliza Mama Birika.

Breki alikunywa kahawa.

— Na haka kandoano? aliuliza Kamanda, akikashika.

— Hako bado sijajua. Kana kazi yake. Siku itafika.

Sindano alicheka, na alicheka kweli. Hiki ndicho alichokuwa anakifuata kijiweni. Nyumbani watu walimzungumzia kwa sauti ya chini kama aliyelala. Hapa walikuwa bado wanamkatiza maneno. Lakini jua lilikuwa linaondoka kwenye ukuta wa ghala, na kwa mazungumzo yale angerudi nyumbani na mbwa na injini, kisu hana. Akajaribu tena.

— Mimi nauliza kufungua. Kufungua kwake kuwe kwepesi?

— Kwepesi? Kamanda alitikisa kichwa. Kisu kinachofunguka kirahisi kitakufungukia mfukoni. Jirani yangu kilimfungukia akiwa anapanda ngazi. Ndiyo maana leo ana watoto wawili tu.

— Ukitaka kwepesi, chukua cha jikoni, alisema Mama Birika. Hakina kufungua wala kufunga.

— Nikiwa nimelala chini ya kochi, mama, cha jikoni kitanitoboa kabla sijakitoboa kitambaa.

— Basi mpeni ajaribu mwenyewe! Toka saa ile mnamchagulia kama mnamwozesha.

Likawa wazo zuri kwa kila mtu isipokuwa Sindano. Kamanda alikuwa wa kwanza. Alitoa kisu chake chenye mpini wa mti, kizito, akakitia katika kiganja cha kushoto cha Sindano.

— Haya, fungua. Sikia mlio.

Sindano alikishika. Bapa lilikuwa na kijifereji cha kutia ukucha, lakini ukucha wa mkono uleule ulioshika mpini haukifikii. Alisukuma kwa kidole gumba. Kidole kikateleza. Akakigeuza kisu, akajaribu kukibana kati ya vidole na kiganja, kikaruka, kikaanguka kwenye vumbi.

— Kaka, una mkono wa pili! alicheka Wembe. Au unakiogopa?

Mama Birika alikuwa ameacha kumimina. Sindano alikitazama kile kisu pale chini. Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akautoa mfukoni, akauweka juu ya mapaja kama mtu anayeweka mkoba. Vidole vilikuwa vyembamba kuliko walivyovikumbuka. Vililala vile vilivyoangukia.

— Huu haufanyi kazi, alisema. Na hautafanya.

Mashine ya Wembe ilizimwa.

— Si ulisema umeteguka? aliuliza Kamanda.

— Nilisema.

— Ukasema unapona.

— Nilisema pia.

— Kwa nini hukutuambia, ndugu yangu? Breki aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ile ile aliyoiogopa Sindano.

— Kwa sababu ya hivyo unavyoniongelesha sasa hivi. Mngeninyamazia. Nyumbani nimenyamaziwa vya kutosha.

Basi wakanyamaza, kwa kuwa hawakujua wafanye nini kingine, na kila mmoja alijua kwamba hilo ndilo alilosema wasifanye. Wembe alikunja taulo lake, akalikunjua. Mteja alitoka mlangoni, amefunikwa shuka, kichwa nusu kimenyolewa, akaona nyuso zao, akarudi ndani polepole.

Kamanda ndiye aliyeuvunja ukimya ule. Aliinama akaokota kisu chake, akakipangusa, na alipoinuka alikuwa amekasirika.

— Yaani wewe ni mtu wa ajabu sana. Unatukalisha hapa tunachosha midomo, tunajibu swali ambalo si lako! Ungesema tangu mwanzo, kisu cha mkono mmoja, tungekuwa tumeshamaliza.

— Tungekuwa tumemaliza wapi? alisema Breki. Wewe na mbwa wako!

— Kunywa kahawa yako, mzee wa injini wazi.

Sindano alihisi kifua kikifunguka. Kamanda, bado akinuna, aliusukuma mkono wake wa kulia ndani ya mshipi wake wa ulinzi, akaubana humo, na kwa mkono wa kushoto akaanza kupambana na kisu chake mwenyewe. Kile kisu kilichomfukuza mbwa kilimgomea. Alisukuma kwa gumba. Alisukuma kwa paja. Alipokipeleka kwenye meno, Mama Birika alimpiga kwa kitambaa.

— Unataka kubaki na kinywa gani?

Wembe naye aliweka mkono nyuma ya mgongo. Kisu chake chembamba kilifunguka nusu, kikasimama, kikamrudia kidoleni. Akapiga kelele, akanyonya kidole.

— Kimekasirika hicho, alisema Sindano. Kiombe radhi.

Breki alilibana dude lake kati ya magoti, akavuta kwa kucha, akatoa kipande kwa ushindi mkubwa. Kilikuwa kifungulio cha chupa. Akavuta tena, ukatoka mkasi. Benchi lote lilikuwa linacheka, na katika kuchekana huko kila mmoja alikuwa akijifunza kitu kwa vidole vyake.

— Kijifereji hakifai, alisema Wembe, kidole bado mdomoni. Kinatakiwa kiwe na kitu kilichotokeza, gumba lisukume.

— Kitokeze pande zote mbili, alisema Breki. Vingi vimetengenezewa mkono wa kulia.

— Na kiwe na loki ya kukizuia kisijikunje, alisema Kamanda. Cha Wembe hakina, ndiyo maana kimemuuma. Lakini loki ambayo ataweza kuifungua.

— Na klipu ya kuning'inia mfukoni, alisema Sindano. Nisihangaike kukitafuta.

Breki alivuka barabara bila kuaga. Alirudi na visu kadhaa kwenye sinia, na nyuma yake mwenye duka akiwa anafuata bidhaa zake kwa macho, anauliza kulikoni. Walipomweleza, aliutazama mkono uliokuwa juu ya mapaja, akasema:

— Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unaondoka. Mimi nilidhani huvipendi.

Sindano alijaribu cha kwanza, kilikuwa kigumu. Cha pili kilifunguka vizuri, ila loki yake ilitaka gumba na kidole cha shahada vikae mbele ya makali, akakirudisha. Cha tatu kilikuwa cha kawaida tu, mpini mweusi wenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi, bapa si refu kuliko kidole cha kati. Pembeni pa bapa palikuwa na kitufe kidogo kilichotokeza huku na huku. Gumba likakikuta bila kukitafuta. Akasukuma.

Kacha.

Sindano alibonyeza loki iliyokuwa mgongoni mwa mpini, akaegemeza mgongo wa bapa kwenye paja lake, na kisu kikajikunja taratibu mpaka ndani. Akakifungua tena. Akakifunga. Akakichomeka mfukoni, akakitoa, akakifungua. Alifanya hivyo mpaka mwenye duka akaanza kucheka.

— Mlio wake mdogo sana, alisema Kamanda.

— Sina mbwa, alisema Sindano.

Walitaka kuchanga. Akakataa, akalipa mwenyewe, na hakuna aliyebishana naye. Kisha akasema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba shemeji yake atalazimika kutafuta cherehani kwingine. Mama Birika ndiye pekee aliyeelewa habari hiyo, maana mke wa Sindano alikuwa akipita pale akienda sokoni na alishamsimulia habari za cherehani. Akamjazia kikombe mpaka juu.

Walikuwa bado wanapasiana kile kisu, Wembe akisisitiza kianze na karatasi nyeupe, wakati mwanamke mmoja alipokuja kutoka upande wa karakana. Alikuwa amebeba kichwani kiti cha kuegemea, miguu ya kiti ikiwa juu, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Hakuna aliyewahi kumwona mtaani hapo.

— Samahanini. Yule fundi wa makochi, bado yupo?

Kamanda alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Breki. Breki aliangalia ndani ya kikombe chake kitupu, na Mama Birika akainamia mkaa. Kunyoosha kidole tu kungetosha. Lakini kunyoosha kidole kungekuwa kusema jambo kwa niaba ya mwenzao, na hakuna aliyejua kama jambo lenyewe ni la kweli. Mwanamke alihamisha uzito wa kiti, akangoja.

Sindano naye hakulijua. Moyo ulikuwa unampiga kama siku ile ngazini, mguu ulipokosa mahali pa kukanyaga.

— Yupo, alisema. Ni mimi.

Macho ya mwanamke yalishuka hadi kwenye ule mkono, yakarudi usoni.

— Nimekuta kufuli.

— Litafunguliwa. Shusha kiti, dada.

Akakishusha. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimechakaa, na katikati springi moja ilikuwa imesukuma hadi imechungulia.

— Ni cha mama, alisema. Anakaa hapa kutwa nzima, hataki kingine, na hii inamchoma. Itachukua muda gani?

— Sijui. Zamani ningekutajia siku, tena ningekudanganya. Sasa hivi sijui kweli.

Mwanamke alifikiri. Alimtazama Kamanda mwenye mkono bado ndani ya mshipi, na yule mtu wa nusu kichwa aliyekuwa amesimama mlangoni na shuka lake.

— Basi mama atavumilia, alisema. Tengeneza.

Sindano alipiga goti mbele ya kiti. Alitoa kisu, gumba likasukuma, bapa likasimama. Akaipeleka ncha chini ya mshono wa zamani, palepale ambapo angeanzia siku zote, akavuta. Kiti kikamfuata. Akakirudisha, akavuta tena, kikamfuata tena. Alikaa hivyo kidogo, kisu mkononi, huku sikio likimwaka moto, akijua wote wanaona. Halafu akainua kichwa.

— Wembe. Njoo ushike kiti.

Wembe akaja mbio, akachuchumaa, akakibana kiti kwa mikono yote miwili. Akafungua mdomo.

— Shika tu, alisema Sindano, akakata uzi wa kwanza.